Kipa Aliyeshangilia Goli Lililokataliwa

Wiki tatu sasa tangu tumzike kaka yangu, na watu bado wanakuja kutupa pole. Wanaingia na nyuso za msiba, wanaacha viatu mlangoni, wanakaa kimya wakitazama sakafu. Kisha mmoja anakohoa na kusema, "Lakini jamani, mnaikumbuka siku ile alivyolala peke yake mbele ya jukwaa?" Basi, nyumba nzima inaangua kicheko, na wengine wanatoka nje kujifuta macho, na huwezi kujua ni machozi ya nini. Mwanzoni nililiona jambo hilo kuwa ni kukosa adabu mbele ya mauti. Siku hizi namshukuru Mungu kwa kila anayecheka.

Taabu ni kwamba kila mtu anaisimulia kwa namna yake. Juzi shemeji yetu mmoja aliapa kuwa kaka alivunjika miguu yote miwili. Mwingine anasema Tajiri, mwenye timu, alizimia mbele ya baraza la kazi. Hakuna aliyezimia. Mimi nilikuwepo uwanjani, na nilikuwepo kwenye chumba cha baraza, nimeukalia mkoba wa karatasi zake ili usipotee. Kwa hiyo naandika ilivyokuwa.

Kaka yangu alikuwa kipa. Watu walimwita Komeo, na hata mama yetu, aliyempa jina zuri la babu yake, mwishowe alisalimu amri akamwita Komeo kama wengine. Alikuwa mrefu, mzito kidogo kiunoni, mwenye viganja vipana kama sahani. Glavu zake aliziosha mwenyewe kwa sabuni ya kipande, akazibana kambani kwa ncha za vidole, na ole wake atakayezianua kabla hazijakauka. Lakini kazi yake hasa ilikuwa sauti. Kipa, alikuwa akisema, hudaka kwa mdomo kwanza, mikono inafuata. "Toka! Mtu nyuma! Kushoto kwako! Hivi wewe, kushoto kwako kuko wapi?" Hata nyumbani alitupanga hivyo hivyo. Mgeni akikaribia mlango, utasikia kutoka chumbani, "Fungueni njia! Mama, mtu nyuma!" Na mama, sufuria mkononi, anageuka kweli.

Timu aliyoichezea ilikuwa mali ya mtu mmoja mwenye kiwanda cha magodoro. Sisi sote tulimwita Tajiri, na yeye alipenda kuitwa hivyo. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Alivaa suti nyeupe hata siku za vumbi, na katika jukwaa kuu alikuwa na kiti chake mbele kabisa, kipana kuliko vingine. Jezi za timu zilichorwa godoro kifuani. Mashabiki wa timu nyingine walipoona hilo walikuwa na wimbo mmoja tu: "Nendeni mkalale! Nendeni mkalale!"

Mtu mwingine angekasirika. Tajiri aliona biashara.

Siku moja aliingia chumba cha kubadilishia nguo, kaka akiwa anafunga kamba za viatu, akasimama katikati. "Wanatuambia tukalale?" akasema. "Vizuri, tutalala. Kuanzia leo, kila tukifunga goli, nyote kumi na moja mnakimbia mpaka mbele ya jukwaa langu. Mnajipanga mstari mmoja, mnalala ubavu, mkono chini ya shavu. Wapiga picha nitawaweka pale pale. Watu waone timu inayofunga na kulala usingizi mnono."

Kocha alitazama dari. Kaka akanyoosha mkono.

"Tajiri, na mimi?"

"Kwani wewe si mchezaji?"

"Ni mchezaji, Tajiri. Lakini tukishambulia huko jukwaani, lango langu linakuwa mwisho wa dunia."

"Basi wahi kuondoka," akasema Tajiri, na wote wakacheka.

Kaka alidhani ni mzaha. Mechi iliyofuata timu ilifunga, wenzake wakakimbia wakalala, yeye akabaki amesimama langoni akipiga makofi. Siku ya mazoezi Tajiri alikuja mwenyewe. "Nimehesabu vichwa kumi," akasema. "Wa kumi na moja yuko wapi? Au godoro langu lina kunguni?" Akaamuru kaka akae benchi mechi mbili. Mechi mbili nzima, mtu mwenye afya yake, anatazama kipa wa akiba akitema mipira kama pipi chungu.

Tangu hapo alikimbia. Alifanya hata mazoezi yake, mita themanini kwenda na themanini kurudi, kwa sababu lazima awe langoni kabla refa hajapuliza filimbi ya kuanza upya. Mimi nilimcheka sana. "Kaka, wewe sasa ni kipa au ni mbio za vijiti?" Alinijibu, "Mdogo wangu, mtumwa wa godoro halali."

Siku ya ajali tulicheza na timu kubwa iliyokuwa inaongoza ligi. Bila bila mpaka dakika ya themanini na nane. Nilikuwa nimekaa na mama upande wa jua. Mpira ulitoka pembeni, mshambuliaji wetu akaruka, akaupiga kichwa, wavu ukatikisika. Uwanja ukalipuka.

Ila mshika kibendera alikuwa ameinua mkono. Mshambuliaji alikuwa ameotea. Wachezaji wetu kumi walikuwa karibu, wakaiona bendera, wakashika vichwa. Komeo hakuiona. Alikuwa ameshatoka mbio zamani, kichwa chini, magoti juu, kama ng'ombe aliyesikia maji. Akawapita wenzake mmoja mmoja. Beki wake wa kati alijaribu kumshika jezi, ikamponyoka. Akafika mbele ya jukwaa, akajirusha kwa nguvu zake zote, akalala ubavu, mkono chini ya shavu. Peke yake.

Jamani, watu walicheka. Elfu tatu kwa pamoja. "Mwamsheni, kumekucha!" "Mfunikeni shuka!" Nami nilicheka, nakiri mbele ya Mungu, nilicheka mpaka nikamwegemea mama. Na huku tukicheka, wapinzani waliuweka mpira chini, refa akaruhusu, mmoja akamgusia mwenzake, naye akaupiga mrefu kutoka kwao mpaka kwetu. Lango halina mtu. Mpira ulidunda mara tatu, ukaingia ndani taratibu kama mgeni aliyekaribishwa.

Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Mbona hainuki?" akasema. Kaka alikuwa bado amelala, mkono mmoja chini ya shavu, na mwingine umeshika goti. Alikuwa ameangukia ukingo wa saruji wa mfereji wa maji ya mvua unaopita mbele ya jukwaa.

Daktari alituonyesha picha kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa wa pia ya goti ulikuwa umepasuka vipande viwili, na kano za upande mmoja zimechanika. Alisema anahitaji upasuaji ndani ya wiki sita. Zikipita, kano zitajikunja, goti halitapinda tena, na atatembea kwa magongo maisha yake yote. Upasuaji wenyewe ulikuwa ukifanywa katika hospitali ya rufaa kwa gharama kubwa, na sisi hatukuwa na uwezo huo hata tungeuza mlango. Lakini sheria ilikuwepo. Mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri ndiye anayemtibu na kumfidia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemaliza sekondari, kwa hiyo nikaandika barua kwa klabu, kwa mwandiko wangu bora kabisa.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja. Nilimsomea kaka akiwa amelala chumbani, mguu juu ya mito miwili. Klabu ilisema haihusiki. Kwanza, mahali pa kazi pa kipa ni langoni, na yeye alikuwa ameacha kazi yake bila ruhusa. Pili, kushangilia ni furaha ya mtu binafsi, haimo katika mkataba. Tatu, hata kama kushangilia kungekuwa kazi, siku hiyo hakukuwa na goli la kushangilia.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kutikisika. Nikadhani analia.

"Hiyo ya tatu," akasema, akicheka mpaka akashika goti, "aah, hiyo ya tatu wamenipata! Soma tena!"

"Kaka, hili si jambo la kucheka."

"Soma tena, mdogo wangu. Hakukuwa na goli la kushangilia. Ee Mungu wangu. Na nilivyolala vizuri siku ile!"

Godoro alilolalia, lazima niseme, lilikuwa la Tajiri. Kila mchezaji alipewa moja mwisho wa msimu. La kaka lilikuwa na bonde katikati, ukilala unakutana na nafsi yako.

Beki wake wa kati alikuja kumtazama, mtu aliyecheza mbele yake miaka sita. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kushusha sauti. "Komeo, wewe sema uliumia ukidaka. Dakika ya sabini ulidaka mpira wa juu, ukaangukia goti. Mimi nitaunga mkono."

"Halafu nikakimbia mita themanini na goti limepasuka?"

"Sema damu ilikuwa moto."

"Watu elfu tatu waliniona nimelala kama mtoto wa kunyonya. Na wewe mwenyewe ulinivuta jezi. Hapana, ndugu yangu. Nimefungwa magoli mengi, lakini sijawahi kusema mpira haukuvuka mstari." Kisha akamshika bega. "Wewe njoo useme moja tu. Sema Tajiri ndiye aliyetuamuru. Hilo ni kweli, na ulilisikia."

Beki akaahidi.

Tukapeleka shauri kwenye baraza la migogoro ya kazi. Lilikuwa ghorofa ya pili, na kaka alipanda ngazi kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, mguu umenyooka mbele kama bunduki, akiwasalimu wanaoshuka. Chumba kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na feni iliyolia kila ikifika kona moja. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Alitufurahisha kwa neno lake la kwanza.

"Mimi mpira siujui," akasema. "Mtanieleza kama mnavyomweleza mtu aliyetoka usingizini."

"Mheshimiwa," kaka akajibu, "shauri lenyewe ndilo hilo."

Wakili wa Tajiri alikuwa kijana nadhifu, mwenye tai nyembamba. Alizieleza zile sababu tatu bila kutazama karatasi. Mwenyekiti alisikiliza, akaandika, akamgeukia kaka.

"Nani alikuambia ukimbie?"

"Tajiri, mheshimiwa."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo. Chumba cha kubadilishia nguo."

"Shahidi yupo?"

Tukageuka kutazama mlango. Hakuna mtu. Tulingoja mpaka feni ikalia mara nyingi. Mwenyekiti akaahirisha shauri kwa wiki moja, akasema kwa upole kwamba bila shahidi wa amri hiyo, yeye ana neno la mtu mmoja tu dhidi ya mkataba wenye sahihi.

Beki alituma ujumbe siku hiyo hiyo. Ana watoto wanne, na mkataba wake unaisha mwezi ujao. Nilikasirika, nikasema maneno ambayo baadaye niliyatubu. Kaka hakukasirika. "Yule ameniokoa mstarini mara ngapi?" akasema. "Mtu akikosa mpira mmoja, humfukuzi." Lakini nilimwona akilitazama goti lake kwa muda mrefu, akilibonyeza kwa kidole kama anayepima papai. Wiki nne zilikuwa zimekwisha.

Mama alikuwa akisali ameketi, kwa sababu ya mgongo wake. Wiki ile alisali amepiga magoti. "Mungu hana haraka, najua," aliniambia. "Lakini goti lina haraka."

Nami nilisali. Tulikuwa tumesikia kwamba kikao cha pili Tajiri atakuja mwenyewe, na nilimwogopa. Alikuwa na ulimi wa kuuza barafu kwenye baridi. Kwa hiyo nilimwomba Mungu jambo moja mahususi. Nilimwomba amfunge Tajiri mdomo.

Akaja kweli, suti nyeupe, viatu vyeupe, na nyuma yake wapiga picha wawili ambao karani aliwarudisha mlangoni. Hilo lilimuudhi, nikaliona. Alikaa, na wakili wake akamwinamia sikioni na kumnong'oneza kwa muda mrefu. Tajiri akatikisa kichwa kukubali, akakunja mikono kifuani. Nikasema moyoni, asante Mungu, umesikia.

Mwenyekiti akauliza kama shahidi amepatikana. Kaka akasema hapana, mheshimiwa. Akaulizwa kama ana lolote la kuongeza. Akasema hana, ila anaomba radhi kwa kukaa mguu umemwelekea, hauwezi kukaa vingine.

Kalamu ya mwenyekiti ikaanza kuandika. Kisha akasita. Akavua miwani.

"Kitu kimoja kinanisumbua. Kuruka naelewa, kukumbatiana naelewa, nina wajukuu. Lakini hili la kulala chini na mkono shavuni. Ni la nini?"

Wakili akasimama haraka. "Mheshimiwa, hayo ni mambo ya vijana. Walijibunia wenyewe wachezaji. Upuuzi tu wa uwanjani, hauna maana wala faida yoyote, na klabu haiutambui."

Nilimtazama Tajiri. Mikono aliyokunja ikakunjuka.

"Upuuzi?" akasema.

"Mzee, tafadhali," wakili akanong'ona.

"Hapana, ngoja kwanza. Nani kajibunia? Hawa?" Akamnyooshea kaka kidole. "Hawa walikuwa wakifunga goli wanaruka ruka kama panzi! Lile nililibuni mimi, mheshimiwa. Mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kwangu na kikombe cha chai. Na halina faida? Mwulize karani wa kiwanda changu kama halina faida! Watoto wote mitaani wanalala vile!"

"Mzee, nakuomba ukae."

"Nimekaa vya kutosha." Alikuwa amesimama. "Mheshimiwa hajui mpira, lazima aelezwe. Lile si kulala ovyo. Ni mkono wa kulia chini ya shavu, siyo wa kushoto, kwa sababu wa kushoto unaficha picha ya godoro kifuani. Magoti yanakunjwa kidogo. Hivi." Akaweka kichwa juu ya kiganja, akafumba macho, amesimama pale mbele ya baraza na suti yake nyeupe. Wakili alimshika pindo la koti akalivuta. Koti likasogea, Tajiri hakusogea.

Karani aliinama chini ya meza kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

"Naona," akasema mwenyekiti, taratibu sana. "Na wote walilifanya vizuri?"

"Kumi walilifanya vizuri. Huyu hapa ndiye aliyekuwa ananiharibia picha! Amekwama kule langoni kama mlinzi wa ghala. Mpaka nilipomweka benchi mechi mbili, ndipo akatia akili."

"Ulimweka benchi."

"Mechi mbili!"

"Kwa kosa gani hasa?"

"Kwa kukaa langoni!" akasema Tajiri.

Feni ikalia. Wakili aliachia pindo la koti, akakaa, akaanza kupanga karatasi zake zilizokwisha kupangwa. Mimi nilikuwa nimeuma mkanda wa mkoba. Kaka alikuwa ametazama chini, mabega yanatikisika, na goti linamuuma kwa ajili hiyo, lakini hakuweza kujizuia.

"Swali la mwisho," akasema mwenyekiti. "Ulimwambia asubiri kwanza aone kama goli limekubaliwa?"

"Asubiri?" Tajiri alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mheshimiwa, kutoka kule mpaka jukwaani ni mbali. Akisubiri bendera atafika saa ngapi? Wapiga picha hawasubiri. Nilimwambia wazi: wahi kuondoka."

Ndipo akasikia alichosema. Nililiona neno likimrudia usoni. Alifunga mdomo, akakaa chini polepole, akaushika mfuko wa koti kana kwamba anatafuta kitu.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Mimi nilimwomba Mungu aufunge mdomo ule, na kama angenisikiliza tungepotea. Yeye aliufungua. Tangu siku ile namweleza shida yangu, njia simpangii.

Mwenyekiti alitoka dakika ishirini. Aliporudi alisoma akiwa amesimama, na mkoba ule una karatasi yenye maneno yake mpaka leo. Alisema mtu anayeadhibiwa akibaki, na kuumia akikimbia alikoamriwa kukimbia, ameumia akiwa kazini. Kama goli lilikuwepo au halikuwepo ni kazi ya refa, na baraza halitamwingilia. Amri ilikuwepo, na aliyeitoa amejitambulisha mwenyewe. Klabu imtibu mfanyakazi wake, upasuaji ufanyike ndani ya siku saba, na mshahara wake uendelee mpaka daktari aseme vingine.

Kisha akaongeza, na hili halimo kwenye karatasi, "Na wewe kipa, nakuona unataka kusimama. Usithubutu kuruka."

Kwenye ngazi tulikutana na Tajiri. Kaka alikuwa ameshaanza kushuka kwa makalio. Tajiri alisimama juu yake, akamtazama, akapumua kwa nguvu. "Komeo, umenifunga."

"Mimi, Tajiri? Ule mpira uliupiga mwenyewe."

Tajiri alitaka kukasirika, nikaona akijaribu, lakini kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia. Akavua koti jeupe, akampa wakili alishike, akaingiza bega chini ya kwapa la kaka. "Nyanyuka. Utachakaza suruali yako, halafu na hiyo utanidai." Wakashuka hivyo, ngazi kwa ngazi, wakibishana kama ni mkono wa kulia au wa kushoto.

Kaka hakurudi kudaka ligi kuu. Goti lilipinda, lakini si kama zamani. Alifundisha makipa miaka ishirini na sita, na wengine kati yao ndio waliobeba jeneza lake. Beki naye alikuwa mmoja wa wabebaji, nywele zake zote nyeupe, na kaka ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa mtoto wake wa tano. Nayaandika haya kwa sababu kuna watakaouliza.

Upasuaji ulifanywa siku ya sita baada ya hukumu. Ulichukua saa tatu, na mama alisali saa zote tatu kwenye benchi la ukumbi, kwa sauti, mpaka muuguzi mmoja akaja kumwomba apunguze, na muuguzi wa pili akaja kumwomba asiache kumtaja mgonjwa wa kitanda cha nane.

Wiki tatu baadaye bandeji kubwa iliondolewa. Mtaalamu wa viungo, dada mfupi mwenye mikono yenye nguvu, alisimama mbele ya kitanda na kumwambia asikanyage kwa pupa. Mama alikuwa upande mmoja, mimi upande mwingine. Kaka alishusha mguu sakafuni. Akautazama kama mtu anayetazama chombo cha kuazima. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo.

"Unaogopa?" mama akamwuliza.

"Naogopa, mama."

"Ogopa huku unakanyaga."

Alikanyaga. Goti likapinda kidogo, likanyooka, likamshika. Akapiga hatua ya pili, na ya tatu, na wagonjwa wa wodi nzima wakaanza kuhesabu kwa sauti, hata yule wa kitanda cha nane aliyekuwa hajazungumza siku mbili. Walifika kumi na moja. Ya kumi na moja ilimfikisha kwenye beseni la kunawia mikono, ukutani. Akaegemea kwa mkono mmoja, akafungua bomba kwa mwingine. Kwa wiki tisa tulikuwa tukimnawisha kitandani kama mtoto. Aliinama, akanawa uso, akaosha na shingo, maji yakimwagika kwenye miguu yake miwili. Yalikuwa ya baridi, akasema, na kesho ataenda mpaka dirishani.